Mtu, Samaki, Mti na Punje: Wote Wanapumua



Mtu anaweza kukaa siku kadhaa bila kula. Anaweza kukaa siku moja au mbili bila kunywa maji. Lakini bila hewa hawezi kukaa hata dakika kumi. Hata hivyo, hewa hatuihangaikii kama tunavyohangaikia unga na maji. Hatuichoti kisimani. Hatuinunui dukani. Hatuioni kwa macho. Kwa hiyo tunaisahau mpaka siku inapopungua.

Na hewa njema inaweza kupungua ndani ya nyumba zetu wenyewe. Hapa Ufipa, mwezi wa sita na wa saba, baridi ni kali. Jioni watu hufunga mlango, huziba dirisha kwa gunia, kisha huingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto. Wanalala. Asubuhi jirani anapiga hodi, haitikiwi. Anapiga tena, kimya. Mlango unavunjwa, na watu wanakutwa hawana uhai. Hakuna jeraha, hakuna damu, hakuna kilichoibiwa. Hapo minong'ono inaanza, na pengine mtu asiye na kosa ananyoshewa kidole.

Misiba ya namna hii imetokea katika sehemu nyingi za nchi yetu zenye baridi. Anayejua jinsi kiumbe anavyopumua anaweza kuizuia. Elimu hiyo hiyo itamsaidia kumtambua mtoto mwenye homa ya mapafu, kulima shamba vizuri, na kuyalinda mahindi yake ghalani. Basi tusome pamoja, polepole, hatua kwa hatua.

HEWA NI KITU GANI?

Hewa ni mchanganyiko. Chukua hewa, uigawe katika sehemu 100. Sehemu 78 ni naitrojeni. Hii tunaivuta na kuitoa bila kuitumia. Sehemu 21 ni oksijeni. Hii ndiyo tunayoihitaji. Sehemu moja inayobaki ni mchanganyiko wa hewa nyingine. Ndani ya sehemu hiyo moja imo hewa ya ukaa, lakini kidogo sana: ni kama sehemu 4 tu katika kila sehemu 10,000 za hewa.

Tuyakumbuke majina haya mawili: OKSIJENI na HEWA YA UKAA. Makala hii yote ni habari ya hayo mawili. Kupumua maana yake ni kupokea moja na kutoa nyingine.

Hewa ina uzito, ingawa hatuuhisi. Kwa sababu ya uzito huo, hewa ya chini imeshindiliwa kuliko ya juu, kama vile gunia la chini katika rundo linavyobanwa na yale yaliyo juu yake. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kule Bonde la Rukwa, upande wa Muze, ni kama mita 800 tu. Dar es Salaam ni pwani kabisa. Kwa hiyo pumzi moja ya Sumbawanga ina hewa kama sehemu nane tu kati ya kumi za pumzi ya Dar es Salaam. Ndiyo sababu mgeni aliyetoka pwani akipanda mlima huku kwetu huhema sana. Mwenyeji amezoea. Mwili wake umejifunza kuivuna oksijeni iliyopo.

MWILI WA MTU UNAVYOPUMUA

Weka kiganja chako kifuani. Vuta pumzi. Utaona kifua kinapanuka. Toa pumzi. Kifua kinasinywaa. Mtu mzima aliyetulia hufanya hivyo kiasi cha mara 12 hadi 20 kwa dakika moja, usiku na mchana, akiwa macho au amelala.

Hewa inaingia kwa pua. Humo puani inachujwa vumbi na kupashwa joto. Inapita kooni, inaingia katika bomba la hewa, kisha bomba hilo linagawanyika mara mbili, moja kwa kila pafu. Ndani ya pafu mabomba yanaendelea kugawanyika, kama matawi ya mti, mpaka yanakuwa membamba sana. Mwisho wa kila kijitawi pana vifuko vidogo sana vya hewa. Katika mapafu ya mtu mmoja vifuko hivyo ni zaidi ya milioni 300.

Kwa nini vingi hivyo? Kwa sababu hapo ndipo soko lilipo. Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba mno, na upande wa pili damu inapita. Oksijeni inatoka kwenye kifuko, inaingia katika damu. Hewa ya ukaa inatoka katika damu, inaingia kwenye kifuko, na mtu anaitoa kwa pua au mdomo. Kadiri soko linavyokuwa pana, ndivyo mabadilishano yanavyokuwa mengi.

Damu ndiyo inayochukua mzigo. Humo mna chembe nyekundu nyingi sana. Fikiria mitumbwi inayotoka Kasanga kupeleka mizigo vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kila chembe nyekundu ni kama mtumbwi. Inapakia oksijeni mapafuni, inaipeleka mguuni, mkononi, kichwani, hata kwenye ncha ya kidole. Huko oksijeni inakutana na chakula tulichokula. Chakula kinatoa nguvu na joto. Masalio yake ni maji na hewa ya ukaa. Hewa hiyo ya ukaa inarudishwa mapafuni ili itolewe nje.

Sasa tunaelewa kwa nini mtu anayelima huhema kuliko aliyekaa kivulini. Misuli yake inataka nguvu zaidi, kwa hiyo inataka oksijeni zaidi. Ng'ombe anayevuta plau naye ni hivyo hivyo. Ukimwona anahema mno, ulimi nje, mpumzishe. Siyo uvivu.

HESABU PUMZI ZA MTOTO

Mtoto mdogo hupumua haraka kuliko mtu mzima. Lakini kuna mpaka. Mapafu yakiugua, vile vifuko hujaa majimaji. Soko linafungwa nusu. Mtoto anajaribu kufidia kwa kupumua haraka haraka. Hiyo ni dalili kubwa ya homa ya mapafu, ambayo wengine huiita nimonia au kichomi. Ni ugonjwa unaoua watoto wengi wadogo.

Mama au baba anaweza kuitambua dalili hii nyumbani. Mtoto akiwa na kikohozi, subiri atulie au alale. Funua kifua chake. Tazama saa, au saa ya simu. Hesabu kifua kinavyoinuka kwa dakika moja nzima. Anapumua haraka mno ikiwa:

– mtoto wa chini ya miezi 2 anafikisha pumzi 60 au zaidi;
– mtoto wa miezi 2 mpaka 11 anafikisha pumzi 50 au zaidi;
– mtoto wa mwaka 1 mpaka miaka 5 anafikisha pumzi 40 au zaidi.

Ukihesabu hivyo, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Usingoje kesho. Na kama anaponyonya hawezi, au mbavu zinabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au midomo inageuka rangi ya buluu, ondoka naye saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

MOTO NAO UNAPUMUA

Hebu fanya jaribio. Washa mshumaa juu ya meza. Ufunike kwa glasi au chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Mwali unapungua, unafifia, unazimika. Kwa nini? Moto umetumia sehemu ya oksijeni iliyokuwa ndani ya glasi, na iliyobaki haitoshi tena kuulisha. Moto na mwili wa mtu ni ndugu kwa jambo hilo: wote wanakula oksijeni na wote wanatoa hewa ya ukaa.

Wazee wa Ufipa waliijua siri hii zamani, ingawa hawakuyajua majina haya ya vitabuni. Kabla majembe ya dukani hayajaenea, Wafipa walikuwa wafua chuma mashuhuri. Walijenga matanuru marefu ya udongo, marefu kuliko kimo cha mtu. Tanuru hilo waliliita ilungu, na yakiwa mengi ni malungu. Mabaki yake yapo mpaka leo katika sehemu mbalimbali za Ufipa. Chini ya tanuru waliacha matundu kuzunguka pande zote. Moto ulipowaka, hewa ya moto ilipanda juu, na hewa mpya ikavutwa yenyewe kupitia matundu ya chini. Ilungu lilipumua lenyewe, bila mivukuto. Mivukuto ilitumika baadaye, kwenye tanuru dogo la kusafishia chuma.

Na lipo jambo la ajabu zaidi. Jiwe la chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Ndani ya ilungu mkaa ulikuwa mwingi kuliko hewa. Mkaa ukiungua bila hewa ya kutosha hautoi hewa ya ukaa peke yake. Hutoa pia hewa nyingine inayoitwa kaboni monoksaidi. Hewa hii inaitaka sana oksijeni. Inalinyang'anya jiwe oksijeni yake, na chuma kinabaki. Kwa hiyo hewa hiyo ilitusaidia kupata majembe. Lakini chumbani ni muuaji. Tuitazame sasa.

JIKO LA MKAA CHUMBANI

Katika chumba kilichofungwa, jiko la mkaa linakosa hewa ya kutosha. Linaanza kutoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Hewa hii haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho wala koo. Moshi wa kuni unakufukuza kwa kukutoa machozi, lakini hii inakukaribisha ulale.

Inauaje? Turudi kwenye mitumbwi yetu. Kaboni monoksaidi inaingia mapafuni, inapita katika damu, na inakaa ndani ya mtumbwi mahali pa oksijeni. Tena inang'ang'ania. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo hata ikiwa chumbani ni kidogo tu, baada ya saa chache mitumbwi mingi imekwisha kaliwa. Mtu anavuta pumzi kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, lakini oksijeni haifiki kwenye ubongo na moyo. Anakufa njaa ya hewa huku anapumua.

Dalili zake ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, usingizi mzito. Aliye macho anaweza kudhani ni malaria au uchovu. Aliyelala hajui lolote. Watu wote waliomo chumbani wakiumwa kichwa kwa pamoja, na jiko limo ndani, hilo ni jibu tosha.

Pengine utaniuliza: "Mwalimu, sasa tufe kwa baridi?" Hapana. Fanya hivi:

– Usilale na jiko la mkaa chumbani, hata kama makaa yameanza kufa. Makaa yaliyofunikwa na majivu bado yanatoa sumu.
– Pasha chumba joto jioni ukiwa macho, mlango au dirisha likiwa wazi. Kisha toa jiko nje ndipo ulale.
– Acha matundu ya hewa juu ya ukuta wa nyumba. Unapojenga, usiyaache kwa mapambo tu, na usiyazibe kwa gunia.
– Tumia blanketi. Watoto walale pamoja wapeane joto.
– Usiwashe jenereta wala kuegesha pikipiki inayounguruma ndani ya nyumba. Nazo hutoa sumu ile ile.

Ukimkuta mtu amezidiwa, kwanza fungua mlango na madirisha. Zuia pumzi yako, mtoe nje haraka kwenye hewa safi, legeza nguo zake, na mpelekeni hospitali. Usimwache hata kama ameamka na kusema amepona. Hospitali anaweza kupewa oksijeni ili ile sumu itolewe ndani ya damu.

Na tukikuta mtu amekufa kwa namna hiyo, tutazame kwanza jiko liko wapi. Tusitafute adui mahali ambapo adui ni mkaa.

SHIMO NA KISIMA

Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Kwa hiyo hupenda kutuama chini, kama maji. Katika kisima cha zamani kisichotumika, au shimo refu lenye majani yanayooza, inaweza kujaa chini na kuisukuma hewa njema juu. Mtu anashuka, anaishiwa nguvu, anaanguka. Mwenzake anamfuata kumwokoa, naye anaanguka. Hivyo ndivyo wanavyokufa wawili watatu kwa pamoja.

Kabla ya kushuka kisimani, teremsha taa ya kandili kwa kamba. Ikififia au kuzimika, usishuke. Hata isipozimika, afungwe kamba yule anayeshuka, na juu wawepo watu wenye nguvu wa kumvuta. Lakini shimo la choo lisipimwe kwa taa kabisa. Humo mnaweza kuwa na hewa inayolipuka. Na mtu asishuke humo.

SAMAKI NA WADUDU HUPUMUAJE?

Samaki hana mapafu kama yetu. Fungua shavu lake utaona nyuzi nyekundu zilizopangwa kama meno ya kitana. Hizo ni matamvua. Maji yanaingia mdomoni, yanapita katika matamvua, yanatoka kando. Ndani ya maji mna oksijeni iliyoyeyuka, lakini ni kidogo. Matamvua yanaikamata. Samaki akitolewa majini nyuzi hizo zinashikamana pamoja na kukauka, kwa hiyo anakufa ingawa amezungukwa na hewa tele.

Ziwa Tanganyika linatupa mfano mkubwa. Kina chake kinafika mita 1,470. Lakini oksijeni inaishia juu juu, kiasi cha mita 100 upande wa kaskazini na kama mita 200 upande wetu wa kusini. Oksijeni ya ziwa inatoka kwenye upepo na mawimbi, na kwenye mimea midogo inayoelea juu. Maji ya chini hayachanganyiki vya kutosha na ya juu. Kwa hiyo dagaa na migebuka wanaovuliwa Kirando, Kipili na Kasanga wote wanaishi katika tabaka la juu. Huko chini kabisa hakuna samaki.

Kule Ziwa Rukwa maji ni ya kina kifupi. Yanapokauka na kuwa tope, samaki wengi hufa. Lakini kambare anastahimili. Karibu na matamvua yake ana kiungo kingine cha kupumulia hewa ya juu. Ndiyo maana ukimnunua kambare mnadani, hufika nyumbani bado anacheza ndani ya kikapu.

Nyungunyungu hana mapafu wala matamvua. Anapumulia ngozi, na ngozi hiyo lazima iwe na unyevu. Chura ana mapafu, lakini ngozi nayo humsaidia.

Na mdudu je? Mdudu hana pua. Ubavuni mwake kuna safu ya vitundu vidogo. Kila kitundu kina kibomba kinachoingia mwilini na kupeleka hewa moja kwa moja. Tuliweke akilini jambo hili: hata fukusi ndani ya gunia la mahindi anapumua. Tutalihitaji baadaye.

MIMEA INAPUMUA MARA MBILI?

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Wengine husema mti hupumua kinyume cha mtu. Wengine husema mti hutoa sumu usiku. Ukweli ni huu: mmea unafanya kazi MBILI.

Kazi ya kwanza ni kupumua. Mmea ni kiumbe hai, unahitaji nguvu. Kwa hiyo unavuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa, mchana na usiku, kama sisi.

Kazi ya pili ni kupika chakula. Kazi hii mtu na mnyama hawawezi. Jani la kijani huvuta hewa ya ukaa kupitia vitundu vidogo sana, vingi vikiwa upande wa chini wa jani. Mizizi inaleta maji. Jua linaleta nguvu. Ndani ya jani vitu hivyo vinapikwa na kuwa sukari. Sukari hiyo hugeuka kuwa wanga wa mahindi, wa ulezi, wa viazi. Na katika upishi huo jani linatoa oksijeni. Jiko la mmea ni jani, na kuni zake ni jua.

Mchana upishi unazidi kupumua. Kwa hiyo mmea unatoa oksijeni nyingi kuliko inayoitumia. Usiku hakuna jua, jiko limezimwa, kunabaki kupumua tu. Hewa ya ukaa inayotolewa na mti usiku ni kidogo na inapeperuka. Mtu mmoja aliyelala karibu nawe anatoa nyingi kuliko ua la kwenye kopo. Kwa hiyo mti haumwui mtu aliyelala chini yake. Mwogope nyoka na tawi bovu, siyo pumzi ya mti.

Jambo hili liligunduliwa kwa majaribio rahisi. Mwaka 1771, huko Uingereza, Joseph Priestley alifunika mmea wa mnanaa pamoja na hewa ambayo mshumaa ulikuwa umezimikia. Baada ya siku kadhaa mshumaa uliweza kuwaka tena katika hewa ile. Mmea ulikuwa umeitengeneza. Mwaka 1779 Mholanzi Jan Ingenhousz akaonyesha kuwa mmea hufanya hivyo kwenye mwanga tu, na ni sehemu za kijani zinazofanya.

Nawe unaweza kujaribu. Chukua majani yanayoota ndani ya maji mtoni. Yaweke kwenye glasi ya maji, uiweke juani. Baada ya muda utaona vipovu vidogo vinapanda. Vipovu hivyo vina oksijeni.

Sasa tunaona mzunguko. Tunachotoa sisi, jani linakipokea. Linachotoa jani, sisi tunakipokea. Tena mti unaficha ukaa ndani ya shina lake kwa miaka mingi. Ukiuchoma, ukaa wote unarudi hewani. Mwaka 1980 nchi yetu ilikuwa na kampeni ya "Misitu ni Mali". Msitu wa Mbizi hapa karibu na Sumbawanga ni mali kwa maji yake, kwa kuni zake, na kwa pumzi yake pia.

MIZIZI NAYO INATAKA HEWA

Mizizi haina jua, haipiki chakula. Lakini inapumua. Inatumia hewa iliyo katikati ya chembe za udongo. Maji yakituama shambani siku nyingi, yanaifukuza hewa hiyo. Mizizi inazama kama mtu aliyezama. Ndipo unaona ajabu: mahindi yamesimama ndani ya maji, lakini majani yanakuwa ya njano na kunyauka kama yana kiu. Mizizi iliyokosa pumzi haiwezi kunywa.

Wafipa tangu zamani wanalima kwa intumba. Majani hukatwa, yanarundikwa na kufunikwa kwa udongo mpaka yanakuwa vichuguu. Ndani yake majani yanaoza na kuwa mbolea. Kuoza huko nako ni kupumua. Ni kazi ya vijidudu visivyoonekana, navyo vinakula na kutoa hewa ya ukaa. Vichuguu hivyo vinainua udongo na kuulegeza. Maji yanapita chini, hewa inapita kati, mizizi inapumua. Basi mkulima wa intumba alikuwa mtaalamu. Hata leo, unapolima kwa jembe au kwa plau, weka matuta penye maji mengi, na usiruhusu ng'ombe wakanyage shamba lililoloa.

PUNJE GHALANI

Tumefika kwenye chakula cha mwaka mzima. Mkoa wetu wa Rukwa unajulikana kwa mahindi. Lakini kuvuna ni nusu ya kazi.

Punje ya mahindi siyo jiwe. Iko hai, imelala. Inapumua taratibu sana. Ikiwa na unyevu, inaamka na kupumua haraka. Na tumeona kuwa kupumua kunatoa joto, maji na hewa ya ukaa. Ingiza mkono ndani ya rundo la mahindi mabichi. Ni moto! Joto na maji hayo yanaita ukungu. Ukungu mwingine unatengeneza sumu iitwayo sumukuvu, inayoharibu ini. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni KUKAUSHA. Anika juu ya turubai, siyo juu ya udongo. Kisha pima kwa chumvi. Chukua chupa safi, kavu. Tia punje za mahindi mpaka robo chupa. Ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu. Anika tena. Chumvi isipoganda, yamekaribia. Lakini kwa kuhifadhi bila hewa, yaongeze siku nyingine ya jua.

Kanuni ya pili ni KUMNYIMA MDUDU HEWA. Fukusi tunamjua tangu zamani. Dumuzi ni mgeni. Alitoka Amerika ya Kati, akaonekana nchini kwetu kwanza mkoani Tabora, mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980. Kwa jinsi alivyosaga mahindi kuwa unga, watu walimpa jina la Scania, kama lile gari kubwa. Lakini Scania huyo ana vitundu ubavuni. Asipopata oksijeni, hasagi.

Siku hizi kuna mifuko isiyopitisha hewa. Ndani ina tabaka mbili za plastiki nzito, nje ina mfuko wa kawaida. Jaza mahindi makavu. Kamua hewa iliyobaki juu. Funga kila tabaka peke yake, imara, kwa kamba. Wadudu waliomo watapumua oksijeni iliyobaki mpaka iishe. Wanaacha kula, hawazaani, wanakufa. Hakuna dawa iliyotiwa. Pipa la bati lenye kifuniko kinachobana sana linafanya kazi hiyo hiyo.

Lakini angalia: tundu moja la panya linaharibu kazi yote. Weka mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta. Usiufungue mfuko kila siku. Tenga mfuko wa kula na mifuko ya akiba. Na usifunge mahindi mabichi humo kamwe. Yataoza.

TUKUMBUKE

Kila chenye uhai kinapumua: mtu, ng'ombe, samaki, fukusi, mzizi na punje. Tunataka pumzi ya mtoto, ya mzizi na ya nyumba yetu ipite bila kizuizi. Pumzi ya dumuzi tunataka kuifunga. Mwenye elimu anajua wapi afungue dirisha na wapi afunge mfuko.

Leo jioni, kabla hujalala, fanya jambo moja tu. Tazama jiko liko wapi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja hewa mbili zinazobadilishana mapafuni.
2. Kwa nini moshi wa kuni unatufukuza lakini sumu ya mkaa haitufukuzi?
3. Mtoto wa miezi 8 anakohoa na anapumua mara 54 kwa dakika. Utafanya nini?
4. Mmea unafanya kazi gani mchana na usiku? Ni kazi gani unaifanya mchana tu?
5. Kwa nini mahindi yaliyosimama ndani ya maji hunyauka?
6. Katika kijiji chenu, ni nyumba ngapi zina matundu ya hewa? Mnaweza kufanya nini kabla ya baridi ya mwezi wa sita?